Gitaa Nyuma ya Ukuta

Waliokuwa nasi Jumamosi iliyopita wanajua kwamba Shariffa keshaondoka. Asiyekuwapo naye aingie hapa hapa, hajapitwa na mengi.

Ngwali ni mpiga gitaa wa Tibirinzi, Chake Chake. Mwaka ule wa uchaguzi wa marudio, bendi moja ilivuka kutoka Unguja kuja kutumbuiza kwenye mkutano wa chama cha serikali, ambacho watu wa Tibirinzi hawakitaki, na mpiga gitaa wao akaumwa. Wakamtafuta Ngwali. Akaenda. Hakuulizwa anakipenda chama gani, naye hakusema. Alipiga mchana mmoja, akafunga gitaa lake, akarudi kwao.

Picha yake akiwa jukwaani ilifika Tibirinzi kabla yeye hajafika.

Tangu hapo salamu zake hazijibiwi. Akienda dukani, kila anachokitaka kimekwisha. Sukari imekwisha, na gunia liko wazi mbele ya macho yake. Kikundi cha taarab alichokitumikia tangu ujana kikaacha kumwita mazoezini. Mwisho wa yote akaja Othman, shemegi yake, kutoka Wambaa, akamchukua dada yake Shariffa, mke wa Ngwali.

"Baba hataki mwanawe akae nyumba isiyopigwa hodi," Othman alisema.

Shariffa akafunga mzigo wake. Hakulia, wala hakuaga.

Ndani ya nyumba akabaki Ngwali na mashine yake.

Hiyo mashine ni boksi la chuma, pana kama sinia, linawekwa chini mbele ya miguu. Lina vitufe vya kukanyaga na kioo kidogo cha kusomea. Binamu yake Mbaruk alimletea kutoka Maskati, zamani, wakati watu hapa bado walikuwa wakiliona wanauliza hii redio ya namna gani. Gitaa unalichomeka upande huu, waya wa kwenda kwenye miksa, ile ya kuchanganya sauti za bendi, unatokea upande ule, na katikati yake mna sauti za maamplifaya ya kila aina: ya kulia, ya kukoroma, ya mwangwi kama wa ukumbi mtupu.

"Amplifaya lako liuze," Mbaruk alimwambia. "Yote yamo humu."

Ngwali akaliuza, lile zito lililokuwa likibebwa na watu wawili. Akakaa na boksi miaka mingi, akalizoea, akajitengenezea humo sauti zake mwenyewe ambazo hakuna mwengine kisiwani aliyekuwa nazo.

Na ukichomeka hedifoni, unapiga peke yako. Aliye chumba cha pili hasikii kitu.

Kwa mtu ambaye majirani hawataki kusikia hata kikohozi chake, hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Ngwali alikuwa akiamka anavaa hedifoni, anazivua akitaka kusali, anazivaa tena. Humo masikioni mlikuwa na ukumbi mzima, na ukumbini hamna mtu.

Shariffa hakuwahi kuipenda.

"Zamani ukipiga nipo jikoni nasikia," alimwambia siku moja, wakati mambo bado mazuri. "Sasa nasikia nyuzi kavu tu, kama kuku anadonoa bati. Wewe unastarehe huko masikioni mwako, mie niko na kuku."

Ngwali alicheka. Siku hizo alikuwa na wa kucheka naye.

Basi Alhamisi asubuhi Ngwali yuko ndani na hedifoni zake, akahisi mlango unatikisika.

Akavua. Akangoja. Hodi ikapigwa tena.

Alisimama pale pale kwanza. Aliogopa kufungua akute mtu amekosea nyumba.

Alikuwa Bi Rawya, mwimbaji wa kikundi. Mwanamke wa makamo, wa ukoo uliokuwa na mashamba ya mikarafuu upande wa kusini kabla serikali haijayachukua, na sauti yake watu waliijua tangu yeye msichana.

"Assalaam alaykum, Ngwali."

"Waalaykum salaam, Bi Rawya. Karibu. Pita ndani wasikuone hapo mlangoni."

"Wanione. Mie n'shazeeka, watanifanya nini?" Akaketi, akamtazama. "Umekonda. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Ngwali akaanza kuukunja waya wa hedifoni.

Bi Rawya akatoa lililomleta. Jumapili kuna harusi Mtambile, Bi Zulekha anamuoza binti yake. Kikundi kimeitwa. Na Bi Zulekha anautaka ule wimbo wao wa zamani, unaoanza na gitaa peke yake.

"Saud wenu si anacho kinanda?" Ngwali akasema. "Si ndiye aliyenambia boksi langu limepitwa na wakati, kinanda chake kina magitaa chungu nzima ndani?"

"Kinayo. Tukampigia Bi Zulekha asikie. Akauliza, hilo gitaa au kengele ya skuli?"

Ngwali akacheka mpaka akashtuka. Kicheko chake mwenyewe alikuwa keshakisahau.

"Basi nije?"

Bi Rawya akainamisha macho. "Uje. Lakini usionekane."

"Vipi nisionekane?"

"Pale wanapotuweka sie pana stoo, nyuma ya ukuta. Wewe utakaa stoo. Waya utapita chini ya mlango uje kwenye miksa. Saud atakaa kwenye kinanda afanye kama anapiga yeye."

Ngwali akalitazama boksi lake sakafuni.

"Hilo boksi lako si halitaki amplifaya?" Bi Rawya akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema maneno ya mtu mwengine. "Saud kasema kwa kazi hii litafaa sana."

"Na wewe umekubali, Bi Rawya?"

"Mie nimekubali kwa sababu bila hivyo huitwi kabisa. Ukikataa sikulaumu."

Mtu mwengine angekataa. Lakini mtu mwengine hajakaa mwezi kwa mwezi bila kuulizwa kama amekula.

"Nitakuja," Ngwali akasema.

Jumapili alifikishwa Mtambile kabla wageni hawajaanza kuingia. Stoo ilikuwa imejaa magunia ya karafuu mpaka dirishani, na harufu yake ilimkaa kooni. Akaweka boksi sakafuni, akakaa juu ya gunia, gitaa mapajani. Saud akapitisha waya chini ya mlango kwa mkono wake, na mwengine wa kumrudishia sauti ya miksa kwenye hedifoni.

"Ukimaliza usitoke mpaka nije," Saud alisema. Alikuwa kijana wa mjini, kanzu nyeupe, manukato. "Natia komeo kwa nje. Kwa usalama wako."

"Kwa usalama wangu," Ngwali akasema.

Komeo likalia.

Baada ya laasiri uwanja ukajaa. Ngwali hakuona mtu hata mmoja. Kupitia ukutani alisikia viti vya plastiki vikiburutwa, vicheko, watu wakiulizana hali. Kwenye hedifoni alisikia miksa: ngoma, besi, na sauti ya Bi Rawya karibu kabisa, kama mtu anayemnong'oneza.

Wakaanza. Vidole vyake vilikuwa vizito mwanzo, kisha vikafunguka. Alikuwa amepiga peke yake kwa muda mrefu hata alisahau utamu wa kungojana na mwimbaji, wa kumwachia nafasi avute pumzi na kumkuta mbele.

Vigelegele vikapigwa.

"Khaa! Saud leo mikono imemfunguka!" alisema mwanamke mmoja karibu na ukuta. "Mtunzeni jamani, mtunzeni!"

Ngwali akawasikia wakisogea kumtunza Saud, wakicheza, wakimpepea noti mbele ya uso. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Akaona ajabu ya nafsi yake: hakukasirika. Alifurahi kama mtoto. Walikuwa wakimpenda, ila hawakumjua, na alijua wakimjua wataacha.

Ndipo Bi Zulekha akautaka wimbo wake.

Uwanja ukatulia. Ngwali akakanyaga kitufe, akaita ile sauti aliyojitengenezea kwa miaka, nyembamba mwanzo, inayojaa kadiri unavyoivuta. Akaingia peke yake.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza mwanzo na Bi Rawya akaingia, kulikuwa na kimya kile ambacho mpiga muziki anakijua hata kama yuko kaburini.

Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio, wanawake wote. Likaja pumziko la fidla, kisha ubeti wa pili ukaanza.

Umeme ukapepesa.

Ulikuwa mpepeso mdogo, wa kufumba na kufumbua jicho. Spika zilirudi hapo hapo. Kinanda cha Saud kina betri ndani, hakikujua lolote. Lakini boksi la Ngwali ni kama kompyuta: likizimika, lazima liamke polepole, lijikague, liandike maneno yake ya Kiingereza kwenye kioo.

Ngwali akapiga nyuzi. Kavu. Akakanyaga kitufe. Kioo kikaandika maneno. Akakanyaga tena.

Nje Bi Rawya anaimba, ngoma inakwenda, na Saud, ambaye alikuwa amefumba macho kwa hisia, vidole vyake vinaendelea kucheza.

"We Saud!" mwanamke akapaza sauti. "Hivyo vidole vinapiga nini?"

Mmoja akacheka. Wakacheka wawili. Kikawa kicheko cha uwanja mzima, ngoma ikasita, wimbo ukakatika.

Ngwali akavua hedifoni. Mbele yake boksi lilikwishaamka. Akatafuta sauti yake, hakuiona. Akapekua kwenda mbele, akapekua kurudi nyuma. Zote alizozitengeneza kwa miaka zilifutika pale alipokanyaga kitufe boksi likiamka. Zilizobaki ni zile za kiwandani, za mtu yeyote.

Komeo likafunguliwa.

Alikuwa Othman, kashika waya mkononi. Yeye ndiye aliyewaleta wanawake wa Wambaa kwa gari, na alikuwa ameufuata waya kutoka kwenye miksa mpaka mlangoni.

"Yuko wapi?" Othman akasema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Ngwali. Shariffa."

Ngwali akasimama, gitaa likagonga gunia. "Shariffa yupo hapa?"

Othman hakumjibu. Akampita, akatazama nyuma ya magunia, akanyanyua turubai la pembeni, akalitupa. Hapakuwa na mtu.

"Alikaa na wenziwe pale mbele," akasema, bado kampa mgongo. "Lile gitaa lilipoanza peke yake, nikamuona kakaza shingo. Baadaye akainuka. Nikasema anakwenda chooni. Hakurudi. Nikatazama, nikaona waya unaingia humu. Nikasema, ah, basi wamepanga."

"Wallahi, shemegi, sikujua kama yupo. Sijui hata nani yupo. Nilikuwa nimefungiwa."

Othman akageuka. Alikuwa kaja na hasira ya kupigana, na sasa alisimama nayo hajui aiweke wapi.

Bi Rawya akaingia, anahema.

"Kapita kwangu," akasema. "Kwenye pumziko, kabla ya ubeti wa pili. Kanijia sikioni. Kaniuliza, Bi Rawya, yule ni Ngwali? Nikamwambia ndiye, yuko stoo. Nimdanganye nini, keshamjua."

"Akasema nini tena?" Ngwali akauliza.

Bi Rawya akamtazama Othman kwanza, kisha Ngwali.

"Kaniuliza, kafungiwa humo, au kakubali mwenyewe?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kweli. Kakubali mwenyewe."

"Halafu?"

"Akajifunika uso, akatoka."

Ngwali akakaa tena juu ya gunia. Miezi yote ile alijua nini cha kumwambia siku watakapoonana. Angemwambia hakuipigia kampeni serikali wala nani, alipiga gitaa tu. Angemwambia wao ndio waliomtenga. Alikuwa na maneno ya kila mtu. Kwa hili la leo hakuwa na neno.

"Washa!" Saud kafika mlangoni, jasho limemlowesha kanzu. "Washa hilo boksi haraka. Nitawaambia kinanda kilipata hitilafu. Shehe Othman, nirudishie mlango tafadhali."

"Mlango sirudishi," Othman akasema.

"Wakimuona itakuwa fitina!"

"Mlango sirudishi, nimekwambia."

Wakasikia mtu anasema nyuma yao, "Nani humo?" Saud akajibana pembeni. Akapita Bi Zulekha mwenyewe, mama wa bibi harusi, na leso zake mpya na uso usio na mchezo.

Ngwali akainuka. "Shikamoo, Bi Zulekha."

Bi Zulekha akamtazama yeye, akalitazama na gitaa.

"Marahaba," akasema Bi Zulekha.

Ngwali ilibidi atazame chini. Hakutaka wamuone macho.

"Ndiwe uliyekuwa ukipiga?"

"Ndimi."

"Wimbo wangu haujesha."

"Bi Zulekha," Saud akaingilia, "akitoka huyu, wageni wako watainuka."

"Najua watainuka. Unanifundisha watu wangu?" Akamgeukia Ngwali, na hapa sauti yake ikashuka. "N'kwambie kweli, mwanangu. Mie sikukusamehe. Picha ile iliniuma. Na hawa waliokaa nje n'nawahitaji, kesho na kesho kutwa, kwa shida na raha. Ukitoka, mwenye harusi nitatahayari. Ukibaki humu, sikulazimishi. Lakini sitaki tena gitaa la kwenye stoo siku ya mwanangu. Ama utoke, ama uende zako kwa mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Ulitokea migombani, na migombani ungetokea barabarani, na barabarani gari za Chake.

Ngwali akauchomoa waya. Akaukunja. Akalinyanyua boksi kwa mkono mmoja, gitaa mkono wa pili.

Akatokea mbele.

Jua lilimpiga usoni, hakuona vizuri mwanzo. Alisikia tu. Hakuna aliyemtukana. Alisikia mabuibui yakipukutwa, viti vikisogezwa nyuma, kikombe kikiwekwa chini taratibu. Macho yalipozoea, bibi mmoja wa mbele alikuwa keshasimama. Wakafuata wa ubavuni mwake. Kisha safu nzima, kisha nyingine, wanapita mmoja mmoja, wanampa mkono Bi Zulekha, wanamwambia hongera, harusi njema, wanatoka.

Wenye fidla wakavifunga vyombo vyao. Mpiga besi akalilaza gitaa lake, akawafuata. Mpiga ngoma akakuna kichwa, akaondoka naye. Saud akakizima kinanda.

Ngwali akachuchumaa, akachomeka boksi kwenye miksa. Akaliacha lipige sauti ile ya mwanzo kabisa, isiyo na mwangwi wala mapambo. Ilitoka safi. Boksi halikuwa na kosa. Lilifanya kile ulichokikanyaga.

Bi Rawya akaja akasimama ubavuni mwake, akashika maikrofoni.

"Tuanze wapi?" akauliza.

"Tuanze mwanzo."

Akaupiga mwanzo ule ule, na safari hii kila kosa la kidole lilisikika. Mbele yake vilikuwa viti vitupu, vyengine vimeanguka, na katikati yao kakaa Bi Zulekha peke yake, mikono mapajani. Othman kasimama penye lango, anatazama barabara, huku na huku, kama mtu aliyepoteza mnyama.

Ngwali akapiga. Hakuwa na hedifoni. Sauti ilikwenda mbali, ikagonga ukuta wa jirani, ikarudi.

Ubeti wa kwanza. Kiitikio hakikuwa na wa kukiitikia, Bi Rawya akakiimba mwenyewe.

Katikati ya ubeti wa pili, simu ya Othman ikaita.

Othman akaitazama. Akamtazama Ngwali. Akatoka nje ya lango kuipokea, na Ngwali akabaki anapiga huku shingo imemrefuka. Alimuona mgongo tu. Alimuona anainamisha kichwa. Alimuona anasema neno, anasikiliza, anasema jengine, anasikiliza muda mrefu.

Othman akarudi. Simu hakuikata, wala hakuitia mfukoni.

Akapita katikati ya viti, akaenda mpaka mbele ya spika, akaunyoosha mkono, akaishika simu pale, kioo chake kimeelekea spika.

Ngwali akamuuliza kwa macho. Othman akageukia upande wa pili.

Wimbo ulikuwa umebakisha kiitikio cha mwisho. Bi Rawya akavuta pumzi ya kufunga. Ngwali akamtikisia kichwa, hapana, akairudisha mikono juu ya nyuzi, akaanza tena tangu mwanzo, na mkono wa Othman bado uko juu.